Maziwa Yaliyoingia Mfupani

Wodi ya watoto, Nairobi
11 Februari 1967

Kwa dada yangu Osob,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Nakusalimu wewe, namsalimu mwanao Sahara, nawasalimu wote mlio ndani ya boma hilo la serikali huko Balambala. Na wewe bwana unayefungua barua hii kabla ya mwenyewe, salamu zako pia zipo. Soma polepole, mwandiko wangu ni mzuri, ndio ulionipatia zawadi ya kalamu nilipokuwa darasa la nne.

Osob, unaona kwa nini naandika Kiswahili. Lugha yetu haina herufi zinazokubaliwa na karani wa lango, na barua asiyoielewa haifiki. Mungu amrehemu baba kwa kuwa mpishi wa DC na kutuingiza shule pamoja na watoto wa askari. Wenzetu walitucheka. Leo nani anaandikiana na dada yake?

Sasa sikia. Mwanangu Fatumo ndiye mgonjwa mashuhuri kuliko wote wodini. Madaktari wanakuja kwa makundi kumtazama. Kitanda chake kiko dirishani, dirisha la kioo kitupu, na manesi wanasema hawajaona mtoto anayechomwa sindano bila kulia kama huyu. Nikawaambia, mtoto wa miaka minane aliyezaliwa katika kiangazi ataliaje kwa sindano?

Lakini ile michubuko uliyoiona siku ya Idi, ambayo mimi nilisema ni ya michezo, haikuwa ya michezo. Fizi zinatoka damu hata akila ugali laini. Daktari mkuu ameniketisha akanieleza. Anasema damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wa Fatumo umeacha kazi. Wanamtia damu ya watu wengine, anapata rangi siku chache, kisha anarudi kuwa mweupe kama majivu.

Dawa yake si ya chupa. Daktari anasema ni uboho mzima, na lazima utoke kwetu nyumbani. Nikamwambia, daktari, mimi nina dada Balambala ambaye hajawahi kuninyima kitu. Basi nisiseme zaidi. Mtu mzima haambiwi kila neno.

Sahara hajambo? Amenenepa? Mifupa yake ina nguvu?

Nijibu upesi kwa mkono wa mume wangu. Jelle bado anaendesha lori la mnunuzi wa ng'ombe, na wakipata msafara wa askari hufika huko kwenu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Batula, mama wa Fatumo


Balambala
2 Machi 1967

Abaayo, dada yangu Batula,

Salamu zako zimefika. Zimefunguliwa, lakini hazikupungua.

Nilisoma habari ya uboho nikaelewa mara moja. Sikungoja uniambie mara mbili. Kwa mkono wa Jelle napeleka mkebe wa samli, na ndani ya samli kuna uboho wa mifupa minne ya miguu, niliochemsha na hiliki kama mama alivyotufanyia tulipojifungua. Ni wa Adey, ngamia wangu mweupe. Nilimchinjisha Jumatatu.

Usinigombeze. Ulisema utoke nyumbani, na mimi nyumbani sikuwa na mwingine. Ngamia wale wengine walitangulia na mume wangu kabla ya askari kutuzungushia waya. Habari zake usiniulize, unajua barua hii inasomwa. Adey ndiye aliyebaki, na malisho ya karibu na lango yamekwisha kabisa, si tunatoka asubuhi na kurudi kabla ya kafyu kama kuku. Angekufa kwa njaa. Afadhali afe kwa ajili ya Fatumo.

Mpe kijiko kimoja asubuhi kabla hajala kitu kingine. Nyama niliwagawia majirani, maana harufu haifichiki humu ndani.

Sahara hajambo, amerefuka. Alimlilia Adey, kwa kuwa ni maziwa yake yaliyomkuza baada ya yangu kukatika. Nilipomwambia ni kwa ajili ya binamu yake Fatumo, akafuta machozi akashika taa tukavunja mifupa.

Lakini mbona unauliza nguvu ya mifupa yake?

Osob, mama wa Sahara


Wodi ya watoto, Nairobi
14 Machi 1967

Osob wangu,

Jelle aliingia wodini amebeba mkebe umefunikwa kikoi kama bibi harusi. Nesi Mbithe, Mkamba mmoja mwenye mwili na sauti, akamsimamisha mlangoni.

"Baba, hicho nini?"

"Ni dawa aliyoagiza daktari," Jelle akasema, kifua mbele.

Nesi akafungua, akanusa, akafunika. Akanigeukia. "Mama Fatumo, daktari hakusema wa ngamia."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikaikumbuka barua yako, nikajua ni Adey aliyemo mkebeni, na sikuweza kuinuka mpaka Mbithe aliponishika kwapa.

Kosa si lako. Ni la maneno yangu, nilizungukazunguka kama fisi kwenye zizi. Daktari aliruhusu uchemshwe tena, Fatumo akala na mkate, akalamba kidole, akaomba tena. Siku nyingi hajaomba chakula. Lakini Osob, chakula kinaingia tumboni. Hakifiki pale palipoharibika.

Sasa nitasema wazi, na karani akisikia na asikie.

Uboho unaotakiwa ni wa Sahara.

Daktari aliniuliza kama Fatumo ana ndugu. Nikasema ana kaka wawili. Akasikitika. Akauliza, je, alizaliwa peke yake? Osob, nilimtazama Fatumo pale dirishani. Kisha nikasema, hapana, hakuzaliwa peke yake. Kalamu ikamdondoka. Akaniuliza walifanana? Nikamwambia walifanana hata mkunga aliwafunga uzi tofauti mkononi, na kondo la nyuma lilikuwa moja. Akasema mwili hukataa uboho wa mtu mwingine, hata wa mama, hata wa kaka. Wa pacha wa namna hiyo ndio pekee usiokataliwa. Ng'ambo wamefanya mara chache, wengine wamepona.

Nilifichaficha kwa sababu ya neno langu. Unalikumbuka, na mimi nalikumbuka. Wewe ulikuwa umemzika mtoto wako siku nne tu kabla, maziwa yanakulowesha nguo, na mimi sikuwa na maziwa ya kutosha hata kwa mmoja. Nilikupa Sahara nikasema, huyu ni wako, sitakuja kumdai hata nikifa. Nilijua nikikuandikia "nataka Sahara" utasikia nimekuja kudai.

Hawakati mfupa. Mtoto analazwa usingizi kwa dawa, wanaingiza sindano nene kwenye nyonga, wanavuta. Unatoka mwekundu kama damu nzito. Unachujwa, kisha Fatumo anatiliwa kwenye mshipa, vile vile kama anavyotiliwa damu. Wenyewe unajua pa kwenda, unaingia mifupani. Mungu ni mkubwa. Na uboho wa Sahara utajaa tena kama kiwele kinavyojaa.

Bila hivyo, daktari hakunificha. Damu ya watu ni maji kwenye kiriba kilichotoboka. Hadhani Fatumo ataona mvua za mwisho wa mwaka.

Ukitaka usimwambie Sahara lolote. Mwambie anakuja kumsaidia binamu.

Batula, mama wa Fatumo


Balambala
27 Machi 1967

Batula,

Nimesoma. Karani alinipa barua bila kuniangalia usoni, nikajua kuna neno ndani.

Unataka uboho au unataka mtoto?

Nakujua. Ulikuwa na mbuzi mmoja, ukiwaambia watu anakuwa kundi. Sasa una dirisha la kioo, una madaktari, una Nairobi. Sahara akishaonja hayo nitamrudishaje kwenye nyumba ya ngozi na mikeka iliyozungushiwa miiba? Atakuita nani? Na watu wakimwona amelala kando ya mwenzake watasema nini? Watasema mama ni wewe.

Na hiyo nyonga. Msichana akitobolewa nyonga atabebaje mimba, atatembeaje nyuma ya ngamia, nani atamposa? Daktari amewahi kutobolewa yeye?

Mume sijui alipo. Ngamia nimechinja. Mtoto niliye naye ni mmoja. Nampenda Fatumo, Mungu anajua nampenda, lakini usiniombe hili kwa karatasi.

Osob, mama wa Sahara


Wodi ya watoto, Nairobi
9 Aprili 1967

Osob,

Leo sina la kujisifia.

Fatumo alitokwa na damu puani tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Walimziba kwa pamba. Vijana wa mtaa wa Eastleigh, watoto wa watu wa kwetu, walikuja kumtolea damu. Aliponipata karibu aliniuliza kama Adey alikuwa na ndama. Nikamwambia hakuwa naye. Akasema afadhali.

Umeuliza kama daktari amewahi kutobolewa. Nilimuuliza. Akasema hapana. Basi nikamwambia, nitoboe mimi. Akakataa, akasema uboho wangu haumfai Fatumo. Nikamwambia haumfai Fatumo, unamfaa dada yangu, maana anataka kujua. Tulivutana siku nzima. Mwishowe akasema atachukua kidogo kwa kupima tu, na bila kunilaza usingizi, aganzishe ngozi peke yake. Mbithe alinishika mkono.

Nakwambia kwa haki. Kuingia kwa sindano nilivumilia. Kuvuta ndiko kubaya. Ni kama mtu anakunyonya mfupa, na unasikia mpaka kwenye meno. Nilipiga kelele, wodi ya pili wakadhani kuna anayejifungua. Kisha maumivu yakaisha. Siku ya kwanza nilichechemea, siku ya pili nilichechemea nikiona watu tu, na leo nimepanda ngazi na ndoo ya nguo. Sahara atakuwa amelala, ile ya kuvuta hataisikia. Tundu lenyewe ni dogo kuliko la sikio. Mimi nimezaa watoto wanne, nakuapia kwa Mola aliyeniumba, njia ya mtoto haiko huko.

Umeuliza nataka uboho au mtoto. Nataka uboho. Mtoto ni wako. Ukisema hapana sitakuandikia maneno mabaya, na Fatumo hatajua kwamba kulikuwa na njia.

Dada yako,
Batula


Balambala
30 Aprili 1967

Abaayo,

Anakuja. Jelle atamshusha mlangoni, akipenda Mungu, pamoja na barua hii. Soma yote kabla hujamkumbatia.

Nilimwambia mwenyewe. Sikutaka aambiwe na kioo cha dirisha lako. Tulitoka na mbuzi za jirani saa ya malisho, nikamuuliza, unamkumbuka yule ngamia wa mzee Barre aliyefiwa na ndama?

"Ndiyo."

"Walimfanyaje?"

"Walimziba pua, wakamletea ndama wa mwenzake, mpaka akamkubali akamnyonyesha."

"Basi mimi ndiye yule ngamia. Na ndama ni wewe."

Akanitazama weee. Akasema, "Na wewe walikuziba pua?"

Batula, nilicheka nikalia pamoja. Nikamwambia la, mimi hawakuniziba. Nilikunusa nikasema huyu ni wangu. Akatembea kidogo nyuma ya mbuzi, akarudi akauliza, "Yule ndama, mama yake wa kwanza alipopita, alimfuata?" Nikasema sijui, muulize mzee Barre. Akasema, "Mimi namjua. Hakumfuata." Akaenda kuwarudisha mbuzi.

Kisha tukaenda kutafuta pasi.

Afisa wa lango alikuwa na daftari la watu wa boma upande mmoja, barua ya daktari wako, aliyoileta Jelle, upande mwingine. Daftari linasema Sahara ni binti wa Osob. Barua inasema ni binti wa Batula. Akasema mmoja anadanganya, na watu wanaotaka kutoka humu kwa uongo amewaona wengi. Akamwita mzee Barre alete Msahafu. Ilikuwa siku ya posho, wanawake wote wamepanga mstari nyuma yangu na magunia yao.

Nikaweka mkono. Nikasema sikumzaa.

Akasema, sauti, mkalimani hajasikia.

Nikasema tena kwa sauti. Sikumzaa, ni wa dada yangu. Abaayo, nyuma yangu hata magunia hayakusuguana. Sahara alikuwa ameshika shuka langu. Hakuliachia.

Afisa bado akasita. Ndipo yule karani anayesoma barua zetu akasimama, kijana mwembamba, sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "ijayo". Akasema, "Afande, hawa nimewasoma tangu Februari. Huyo wa Nairobi anajisifu kupita kiasi, lakini uongo wa namna hii hawezi kuutunga. Na mtoto wake atakufa." Akaketi. Afisa akagonga muhuri.

Pasi ni ya mtoto tu. Mimi wamenikatalia.

Usiku anajifunika mpaka kichwani, usimfunue. Hali samaki. Maziwa ya chai anataka yawe na moshi wa kibuyu, huko hamna, mwambie avumilie. Asiitwe pacha mbele za watu mpaka ajiite mwenyewe. Na akichomwa, mtu amshike sikio la kushoto, ndivyo anavyotulia.

Usiku wa kwanza bila yeye sijui nitageukia upande gani.

Osob


Wodi ya watoto, Nairobi
26 Mei 1967

Kwa Osob, mama wa Sahara,

Nimeona ulivyotia sahihi barua yako. Umeandika jina tupu. Usirudie tena.

Mwanao amefika salama, na kila mtu hapa amechanganyikiwa. Mbithe alimwona kwenye ukumbi akapiga kelele, "Fatumo, nani amekuruhusu kutoka kitandani?" Sahara akamjibu, "Mimi si mgonjwa, mimi ndiye dawa." Sikumfundisha hayo, wallahi. Sasa wodi nzima inamwita Dawa.

Nikueleze maandalizi, maana najua unakaa hapo unaona visu. Kwanza waliwapima damu, ikawa moja. Halafu daktari akasema kondo na uzi wa mkunga havimtoshi, anataka ushahidi wa mwili. Akachukua kipande cha ngozi cha Sahara mkononi, kidogo kama ukucha, akakishona kwenye mkono wa Fatumo. Mwili ukijua ni mgeni unakikataa, kinakuwa cheusi kinadondoka. Nilimshika Sahara sikio la kushoto. Unasema kweli, anatulia.

Tulingoja. Kila asubuhi daktari alifungua bendeji, na mimi nyuma yake na tasbihi. Majuzi ametuita wote kutazama. Kimeshika, Osob, chekundu na kizima, huwezi kuona mwanzo wala mwisho wake. Sahara akaangalia muda mrefu, akamwambia Fatumo, "Basi ni kweli." Fatumo akasema, "Mimi nilijua tangu Idi. Ulikuwa unakuna pua kama mimi."

Sasa Fatumo amewekwa chumba cha peke yake ili asipate homa ya mtu. Nikiingia nanawa mpaka kwenye viwiko, navaa kitambaa mdomoni. Hebu fikiria, mimi, kufungwa mdomo! Maziwa lazima yachemke, matunda hapana, kaka zake hawaingii. Wasichana wanazungumza kwenye kioo. Sahara anamfundisha majina ya mbuzi wa jirani zako, mwenzake anamwonyesha barabarani magari. Fatumo aliniuliza, uboho usipokubali nitakufa? Nikataka kumwambia nyamaza, maneno gani hayo. Mbithe alinikanyaga mguu. Nikamwambia, inawezekana, mama, lakini tumefanya yote, na Sahara ametoka Balambala na pasi yenye muhuri. Akasema sawa. Akalala vizuri kuliko siku zote ambazo nilimdanganya.

Sahara naye nilimwambia kwamba akiamka ataumwa nyonga, na kwamba mwenzake akifa haitakuwa kwa sababu uboho wake ulikuwa mbaya. Mbithe ndiye aliyenifundisha kusema hilo mapema. Mimi nisingekumbuka, ningekuwa najisifu.

Bado jambo moja. Daktari ana karatasi mbili za ruhusa, moja kwa kila mtoto. Ya Fatumo nimetia sahihi. Akanipa ya Sahara, akasema, na hapa pia, mama. Nikamwambia hapo si mahali pangu. Akasema wewe si ndiye mama wa wote wawili? Umeniambia hivyo mwenyewe. Nikamwambia daktari, mimi nilimtoa tumboni, lakini mfupa unaotaka kuuchoma sikuujenga mimi. Huo ni maziwa ya dada yangu, na ya ngamia wake. Ruhusa ya kuuchoma anayo yeye. Akasema karatasi itakwenda na kurudi lini, huko kuna vita? Nikasema Jelle anaondoka kesho, na karani wa lango anatujua.

Alikasirika, kisha akavua miwani akaifuta, akasema siku kumi, si zaidi. Karatasi imo humu. Ukitaka kukataa, bado unaweza.

Batula, mama wa Fatumo


Balambala
1 Juni 1967

Abaayo,

Nimetia sahihi. Karani alinipa wino wake na kiti chake. Jelle amesimama mlangoni, injini inanguruma, askari wanamfokea.

Wanawake wa mstari ule wanaleta maziwa kila jioni na kuuliza habari. Hakuna aliyenitupia neno. Jana mmoja alisema, "Mama Sahara, wamekwisha kumchoma?" Aliniita hivyo, na alikuwepo siku ya Msahafu.

Wachome. Mshike sikio.

Osob, mama wa Sahara


Wodi ya watoto, Nairobi
2 Julai 1967

Kwa Osob, mama wa Sahara,

Assalaam aleikum. Salamu kwako, kwa wanawake wa mstari, na wewe karani, Mungu akupe mke mwenye mdomo kama wangu ili usikose cha kusoma.

Walimchukua Sahara asubuhi ya tarehe nane Juni. Nilitembea kando ya kitanda chake mpaka mlango mweupe. Akauliza, "Wakivuta wote, mimi nitabaki na nini?" Daktari mwenyewe akajibu, "Nitakuachia wa kutosha kukimbiza mbuzi." Akasema, "Mbuzi na ngamia." Daktari akasema haya, na ngamia. Mlango ukafungwa.

Uliletwa kwenye chupa, mwekundu mweusi, na mafuta yanang'aa juu. Osob, ulifanana na ule wa mkebe wako. Mbithe alinitazama, nikamtazama, hakuna aliyecheka. Ukaanza kushuka tone tone mkononi mwa Fatumo, nami nimekaa na kitambaa mdomoni nasoma Yasin.

Halafu wakaniita kwa Sahara, ameanza kuamka.

Nataka nikuambie hili vizuri. Alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Akasema, "Hooyo." Nilikuwa nimekaa karibu, karibu kama ulivyo mkono wangu na karatasi hii. Miaka minane, Osob, sikuwahi kuitwa mama na yule. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kuitika.

Nikaufunga. Unajua ni mara ngapi nimeufunga maishani.

Nikamshika sikio la kushoto, nikamwambia, "Hooyo yuko Balambala, anakungoja. Mimi ni habaryar, dada yake." Akasema, "Mwambie imeuma kidogo tu." Akarudi kulala.

Basi nakuambia. Imeuma kidogo tu.

Wiki mbili hazikuwa na habari. Fatumo alipata homa, daktari akaacha kutania, mimi nikaacha kula. Kisha asubuhi moja nikamsafisha kinywa na pamba, pamba ikatoka nyeupe. Nikadhani nimekosea, nikachukua nyingine. Nyeupe. Nilikimbia na ile pamba ukumbini kama mtu aliyeokota dhahabu, nikamwonyesha mfagiaji, nikamwonyesha mgeni wa mtu mwingine. Daktari alipopima akasema uboho umeshika, mifupa imeanza kazi. Anasema tusishangilie mpaka mwaka uishe. Yeye asishangilie. Mimi nimekwisha kuanza, na Eastleigh nzima inajua.

Ana rangi sasa. Juzi amegombana na Mbithe kwa sababu ya uji. Ameniuliza, kama damu yake yote sasa imetoka kwenye maziwa yako, je, na yeye akuite hooyo? Nikamwambia akuulize wewe, mimi sigawi tena vitu vya watu.

Nakurudishia mwanao kwa mkono wa Jelle. Tundu la nyonga limefunga, nimelitazama kila siku. Kuchechemea atachechemea akishakuona wewe. Usimwamini, hapa alikuwa anashindana mbio na mtoto wa mfagiaji. Dirisha la kioo hakulisifu hata siku moja. Alisema linazuia upepo.

Mkebe wako nimeuosha, upo naye. Ndani nimeweka ule uzi wa mkunga wa mkononi mwake, mweusi. Nilikuwa nimeuhifadhi miaka yote hii bila kumwambia mtu, hata Jelle. Sasa ukae kwako.

Batula, mama wa Fatumo